Kutumia Tena Matairi ya Kubandika kwenye Baiskeli ya Zamani ya Mashindano

Baiskeli nyingi za mashindano zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 zina ringi ambazo hazina kingo za kushikilia tairi. Ringi ya namna hiyo, iwe Mavic GP4, Fiamme, Nisi au Ambrosio, ina mfereji wa kina kifupi tu upande wa nje, na tairi hukaa juu ya mfereji huo kwa nguvu ya gundi. Nyingine huingia Afrika Mashariki pamoja na baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Japani. Fundi aliyezoea tairi la waya, yaani lile la kawaida linaloshikiliwa na kingo za ringi, hutafuta ukingo wa kupitishia kijiko, haupati, basi analichana tairi kwa kisu. Tairi la pamba au hariri ambalo lilikuwa na maisha mengi mbele yake linaishia jaani, na jipya la ubora ule ni ghali na si rahisi kupatikana.

Tairi la kubandika lililotumika linaweza kutumika tena. Mtu akilikagua huanza kwa mpira wa juu unaogusa barabara, akaangalia kama umelika. Hapo si mahali pa kuanzia. Tairi hili linashikiliwa na maungio matatu yaliyofuatana: ringi na gundi, gundi na utepe wa chini (kitambaa kilichobandikwa upande wa ndani wa tairi), kisha utepe wa chini na kitambaa cha tairi. Ungio moja likiachia, mengine mawili hayana kazi. Kwenye matairi makuukuu linaloachia kwanza mara nyingi ni la tatu, ambalo halionekani mpaka tairi litolewe kwenye ringi.

Jinsi tairi hili lilivyoundwa

Ndani kuna tyubu, ama ya mpira wa asili, nyembamba na laini, ama ya butili, nzito kidogo lakini inayotunza upepo kwa siku nyingi. Tyubu imezungushiwa kitambaa cha pamba, hariri, nailoni au poliesta, na kingo za kitambaa zimeshonwa pamoja upande wa ndani. Juu ya mshono umebandikwa utepe wa kitambaa, na huo utepe ndio unaopakwa gundi ya kushika ringi. Upande wa nje umebandikwa mpira wa kukanyagia. Matairi ya kampuni ya Tufo ni tofauti: hayana mshono wa kufumua, kwa hiyo hatua za kuziba pancha zilizo chini hazihusiani nayo.

Nyuzi za kitambaa zimekatizana kwa mshazari. Ukijaza upepo tairi linanenepa, na linaponenepa mzunguko wake unafupika, hivyo linaibana ringi. Ndiyo maana tairi lililojaa vizuri hushika hata pale gundi ilipochoka, na tairi hilohilo likipoteza upepo katikati ya kona huchomoka. Gundi hupimwa tairi likiwa halina upepo. Kulipima likiwa limejaa hakukuambii kitu.

Kuhusu ukubwa usihangaike. Matairi ya zamani ya saizi kamili yameandikwa inchi 27, inchi 28 au 700C, na yote yanaingia kwenye ringi ileile ya kubandika. Hayaingiliani na ringi za tairi la waya hata kama namba zinafanana.

Kulitoa bila kuliharibu

Toa upepo wote, na ulikamue tairi kwa mkono mpaka libaki bapa. Kama gundi ni ngumu, liache gurudumu juani nusu saa, joto huilainisha. Anza upande ulio mkabala na valvu. Shika ringi kwa mikono miwili, sukuma ubavu wa tairi kwa vidole gumba kuelekea upande mmoja, kisha rudia upande wa pili, mpaka ukingo wa utepe uanze kunyanyuka. Vidole vikishindwa, tumia wenzo wa plastiki au mpini wa kijiko uliosagwa usiwe na makali, upenyeze kati ya utepe na ringi, na uuzungushe polepole kwenda mbele. Bisibisi usiitumie. Inapasua utepe, inakwaruza ringi, na mara nyingine inaingia kwenye mshono.

Nafasi ya urefu wa kiganja ikishapatikana, endelea kwa mkono, ukivuta tairi kwa pembe ndogo, karibu kulilaza juu ya ringi, badala ya kulivuta wima. Mvuto wa wima huweka nguvu yote kwenye mstari mmoja wa utepe, na utepe unaachana na kitambaa. Angalia kila baada ya sentimita chache. Gundi ikibaki kwenye utepe ni sawa. Ikibaki kwenye ringi ni sawa pia. Utepe ukianza kubaki kwenye ringi huku kitambaa kikija mkononi, simama, rudi nyuma, na uingie kutoka upande wa pili. Sehemu ya valvu iwe ya mwisho.

Ukaguzi

Ifanye kazi hii mchana, mahali penye mwanga wa kutosha. Tia upepo kidogo, PSI 15 hivi (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo), tairi likiwa nje ya ringi. Litajigeuza, utepe ukatokea upande wa nje. Hali hiyo ndiyo unayoitaka kwa ukaguzi na baadaye kwa kupaka gundi. Usizidishe PSI 25 bila ringi, kwani mshono na utepe vinavutika kuliko vilivyopangiwa.

Anza na utepe. Pita na ukucha kwenye kingo zake zote mbili, mzunguko mzima. Unapoweza kuingiza ukucha chini yake, weka alama kwa chaki. Utepe ulioachia sehemu mbili au tatu za urefu wa kidole hutengenezeka. Ulioachia zaidi ya nusu ya mzunguko pia hutengenezeka, lakini ni lazima utolewe wote na kurudishwa upya. Utepe uliooza, yaani unaochanika kama karatasi ukiuvuta kwa vidole viwili, huo ni mwisho wa tairi, labda uwe tayari kuuweka mpya wa pamba nzito.

Kisha mbavu. Pamba isiyo na kinga hunyonya unyevu na kuoza. Madoa meusi ya ukungu yanayofutika kwa kitambaa kikavu si tatizo kubwa. Madoa yaliyoingia ndani ya nyuzi ni dalili mbaya: pindua tairi mahali hapo na uangalie kama nyuzi zinakatika. Nyuzi mbili tatu zilizokatika pamoja hufanya uvimbe tairi likijazwa, na uvimbe huo siku moja hupasuka bila onyo. Tairi lenye uvimbe halitumiki tena hata kama akiba.

Mbavu zilizokauka tu, ambazo utando wake wa mpira unabanduka vipande vidogo lakini nyuzi ni nzima, zinafufuliwa. Safisha kwa brashi laini, jaza tairi likiwa kwenye ringi, na upake mpira wa maji mwembamba kwa brashi, tabaka mbili, ukiacha la kwanza likauke mpaka weupe wake uishe. Usipake mafuta ya aina yoyote wala ile dawa ya kung'arisha matairi ya magari. Mafuta huila tyubu ya mpira wa asili na kuachisha gundi.

Mpira wa juu uje mwisho. Mikato midogo isiyofika kwenye kitambaa hailiharibu tairi. Toa vipande vya kioo kwa sindano na uzibe kwa tone la gundi ya mpira. Nyuzi zikionekana kupitia mpira, tairi limekwisha. Ukiona mpira umebapa katikati, lilikuwa nyuma, na halifai kupelekwa mbele.

Waendesha baiskeli wa zamani wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuhifadhi matairi mapya ya pamba mahali pa giza na baridi kwa miezi mingi kabla ya kuyatumia, wakiamini mpira unakomaa na kustahimili mikato. Desturi hiyo isikudanganye mbele ya tairi lililokaa kabatini miaka thelathini. Kitambaa chake huenda ni kizima kabisa, lakini gundi ya utepe wake karibu kila mara imekufa, hata kama halijawahi kugusa barabara. Likague kama lililotumika.

Hatua ya mwisho ya ukaguzi: livalishe kwenye ringi kavu isiyo na gundi, jaza PSI 100, uache usiku mzima. Tairi lenye tyubu ya butili likishuka zaidi ya PSI 20 hadi asubuhi lina tundu au valvu mbovu. Tyubu ya mpira wa asili hupoteza upepo kwa maumbile yake. Kwake kushuka hivyo ni kawaida. Usiku huo pia hulinyoosha tairi, kitu kitakachokurahisishia kazi siku ya kubandika.

Kurudisha utepe wa chini

Hapa ndipo matairi mengi ya zamani hupona au hufa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Tumia gundi ya mpira wa maji, ile nyeupe inayokauka ikawa kama ngozi ya wazi na inayonuka amonia. Uingereza inauzwa kwa jina la Copydex. Kwingineko tafuta mpira wa maji unaotumika kwa mazulia au kwa kutengenezea vinyago vya kumimina. Inabaki na mnyumbuko kama wa kitambaa chenyewe. Solusheni ya kuzibia pancha inashika kwa muda tu inapopakwa juu ya pamba. Gundi ya papo kwa hapo inakuwa ngumu na kukata nyuzi.

Kwa sehemu fupi zilizoachia, nyanyua utepe kwa uangalifu mpaka ukute pale unaposhika kweli. Sugua vumbi la gundi ya zamani kwa brashi kavu ya meno. Paka gundi tabaka jembamba kwenye utepe na kwenye mshono, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka weupe upotee, halafu kandamiza kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda kingoni.

Kwa utepe uliotoka wote, chora kwanza mstari mwembamba wa kalamu unaovuka utepe na kitambaa kila sentimita 20, ili urudi mahali pake. Utepe ukirudishwa tairi likiwa limelegea, utakuja kuwa mfupi na utakunjamana au kulivuta tairi upande. Kwa hiyo acha upepo kidogo ndani, tairi likiwa limejigeuza, na ubandike kwa vipande vya robo mzunguko, ukianzia valvu. Ukimaliza, liache masaa mawili, lirudishe upande wake, livalishe kwenye ringi kavu na kulijaza PSI 80 hadi siku ya pili. Utepe unakauka ukiwa na umbo la ringi.

Usilowanishe utepe kwa petroli, thina wala asetoni kwa nia ya kutoa gundi ya zamani. Vimiminika hivyo hupenya kwenye kitambaa, vikayeyusha gundi inayoshika utepe na mshono, na tairi linaharibika kwa ndani huku nje likionekana safi. Mabonge ya gundi kwenye utepe yachomolewe kwa vidole au kusuguliwa kwa msasa namba 80. Tabaka jembamba lililoshika vizuri libaki.

Gundi iliyo kwenye ringi: ibaki au itoke?

Ichunguze kwa ukucha. Ikiacha alama na kunata kidogo, iko hai. Kama imesambaa sawasawa na haina mabonge, iache; itakuwa msingi mzuri wa tabaka jipya, mzuri kuliko alumini tupu. Ikiwa inang'aa na kukatika kama kioo, au inatoka unga, imekufa, na gundi mpya ukiipaka juu yake itashika maiti. Itoe yote.

Baadhi ya magurudumu ya viwanja vya mbio yalibandikwa kwa lakiri, utando wa kahawia mgumu kama varnishi. Huo pia lazima uondoke kabla ya gundi ya kawaida kupakwa.

Kwa ringi ya alumini, kwangua kwanza kwa kipande cha plastiki kigumu, kisha brashi ya nyaya za shaba, kisha kitambaa chenye asetoni au thina. Fanya hivyo nje au penye madirisha wazi, vaa glavu, na pasiwe na moto karibu. Asetoni hufuta stika za ringi, nazo kwenye baiskeli ya zamani zina thamani yake, kwa hiyo zifunike kwa tepu pana. Ukimaliza sugua mfereji kwa msasa namba 120, ufute vumbi kwa spiriti. Pita na kidole kwenye tundu la valvu; ukikuta ncha kali, ziondoe kwa tupa ndogo ya mviringo, maana zinakata tyubu pale pale kwenye shina la valvu, mahali ambapo kiraka hakikai.

Ringi ya kaboni haiguswi na brashi ya nyaya wala kiyeyusha rangi, lakini baiskeli za umri huu mara chache huwa nayo.

Kubandika

Gundi zinazotengenezwa kwa kazi hii, kama Vittoria Mastik One na ile ya Continental, hubaki laini miaka mingi, na ulaini huo ndio unaoruhusu tairi kutolewa na kurudishwa. Kwa ringi iliyosafishwa kabisa tenga kopo dogo la tyubu la gramu 25 hadi 30 kwa kila gurudumu. Kwa ringi yenye msingi mzuri wa zamani nusu yake yatosha.

Gundi ya viatu ni kishawishi kikubwa kwa sababu iko kila duka la fundi. Mara ya kwanza inashika, tena sana. Tatizo huja baadaye: hukauka ikawa ngumu, huachia kwa mpasuko mmoja badala ya kunata, na siku ya kutoa tairi huondoka na utepe. Silikoni na gundi ya papo kwa hapo hazistahili hata kujaribiwa. Zile tepe za gundi zenye uso mara mbili, za Tufo au Effetto Mariposa, ni nzuri kwa tairi jipya na ringi safi. Juu ya utepe wenye gundi kuukuu hazikai sawasawa.

Funga tepu ya karatasi kwenye kuta za ringi zinazoguswa na breki. Paka gundi kwenye mfereji kwa brashi fupi ngumu au kidole kilichovaa glavu, tabaka jembamba linalofika kingoni kabisa. Kingo ndizo zinazobeba mzigo kwenye kona. Katikati penye gundi nyingi na kingo tupu ni kosa linaloonekana mara kwa mara. Wakati huohuo paka tabaka moja kwenye utepe wa tairi. Acha vyote vikauke usiku mzima. Siku ya pili paka tabaka la pili kwenye ringi, na likauke tena masaa kadhaa. Kama gundi ya zamani ilibaki, tabaka hili la pili liruke.

Siku ya kuvalisha, paka ringi tabaka jembamba la mwisho, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka iwe inanata bila kutiririka. Tairi liwe na upepo wa kutosha tu kulipa umbo. Simamisha gurudumu sakafuni juu ya kitambaa safi, tundu la valvu likiwa juu. Ingiza valvu, ikae wima. Sasa shika tairi pande zote mbili za valvu, egemeza uzito wako chini na ulivute kwa nguvu ukishuka nalo taratibu pande zote mbili kwa pamoja. Mvuto wa mwanzo ndio unaoamua: ukivuta kwa ulegevu, kule chini utabaki na sentimita kumi za tairi zisizotaka kupanda. Zikifika hizo za mwisho, ligeuze gurudumu, ubane tumboni, na uzisukume kwa vidole gumba. Usitumie wenzo hapa.

Tia PSI 30, zungusha gurudumu kwenye foku na utazame utepe: uonekane sawa pande zote mbili za ringi. Mahali ulipopinda, nyanyua tairi kwa viganja na ulirudishe. Una dakika kumi hivi kabla ya gundi kukataa kubembelezwa. Ukiridhika jaza PSI 60, bingirisha gurudumu sakafuni ukilikandamiza kwa uzito wa mwili ili utepe uzame kwenye mfereji, kisha ongeza hadi PSI 110, au ukomo ulioandikwa ubavuni kama ni mdogo kuliko huo. Toa tepu ya karatasi, futa gundi iliyomwagikia kuta za breki, na uliache gurudumu masaa 24. Watu huwahi kulipanda baada ya masaa mawili kwa sababu linaonekana limeshika. Gundi iliyofunikwa na tairi haipati hewa ya kukauka haraka.

Kuhakiki, upepo, na joto

Baada ya masaa 24 toa upepo wote. Sukuma ubavu kwa vidole gumba kwa nguvu zako, kila kiganja kimoja cha mzunguko, pande zote mbili. Utepe usinyanyuke. Ukinyanyuka milimita moja mbili kwenye ukingo, penyeza gundi hapo kwa kijiti, jaza upepo na usubiri siku nyingine. Ukinyanyuka mpaka uone katikati ya mfereji, anza upya. Kipimo hiki kirudiwe kila mwezi kwa tairi lililofufuliwa, na kila mara baada ya safari yenye mteremko mrefu.

Mendeshaji wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 21 au 22 aanze na PSI 100 nyuma na 90 mbele. Usishushe sana kwa kulihurumia tairi kuukuu, kwa sababu upepo ni sehemu ya kinacholishika. Tairi bora kati ya mawili liende mbele daima. La nyuma likichomoka, kuna nafasi ya kusimama. La mbele likichomoka, hakuna.

Breki za kubana ringi hugeuza mwendo wa mteremko kuwa joto, joto hilo huingia kwenye gundi, na gundi hulainika wakati uleule inapohitajiwa zaidi. Katika Tour de France ya mwaka 2003, kwenye mteremko wa kuingia mji wa Gap siku ya joto lililoyeyusha lami, gurudumu la nyuma la mshindani Joseba Beloki liliserereka, tairi likatoka kwenye ringi, naye akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Huyo alikuwa na mafundi na vifaa vipya. Tairi lililofufuliwa lina kazi nyingi nzuri za kufanya kwenye barabara tambarare na vilima vya kawaida, na hata kwenye matembezi ya baiskeli za kale kama L'Eroica, iliyoanzishwa Toscana, Italia, mwaka 1997 na inayopokea baiskeli zilizotengenezwa kabla ya 1987, mradi gundi imepimwa. Kushuka mlima kwa kilomita kumi na tano huku umeshika breki si moja ya kazi hizo. Kwenye jua la pwani usiache baiskeli ndani ya gari lililofungwa na magurudumu yamejaa upepo wote. Punguza hadi PSI 60, na ukifika ujaze tena.

Kuziba pancha

Tafuta tundu kwenye beseni la maji. Upepo hutembea kati ya tyubu na kitambaa na kutokea mahali pa karibu na valvu au penye mkato, kwa hiyo mapovu yakitoka kwenye valvu usikimbilie kuamini valvu. Tafuta kwanza mwiba au mkato kwenye mpira wa juu.

Ukishapata mahali, chora mistari miwili inayovuka utepe, nyanyua utepe sentimita 12, chora tena mistari kwenye kitambaa kuvuka mshono, kisha fumua mshono sentimita 7 kwa wembe, ukinyanyua uzi mmoja mmoja mbali na tyubu. Vuta tyubu, izibe kwa kiraka chembamba na solusheni. Tyubu ya mpira wa asili hupokea vizuri zaidi kiraka kilichokatwa kutoka tyubu nyingine ya aina yake. Tundu la kitambaa likizidi milimita 2, bandika kwa ndani kipande cha kitambaa kutoka tairi kuukuu lililokufa. Hifadhi matairi yaliyokufa kwa ajili hiyo. Paka poda, rudisha tyubu bila kuisokota.

Shona kwa uzi wa poliesta wa fundi viatu au wa nailoni, ukianza sentimita moja kabla ya ulipofumua na kumaliza sentimita moja baada, kwa kupita matundu yaleyale ya zamani. Tundu jipya linakata nyuzi. Kaza kiasi cha kingo kukutana tu. Ukikaza zaidi, tairi litafanya kishimo na gurudumu litarukaruka. Mistari yako ya kalamu ikikutana, utepe urudi kwa mpira wa maji kama ilivyoelezwa.

Kwa tundu dogo la mwiba, dawa ya kuziba ya maji, mililita 25 hadi 30, inaepusha kazi yote hiyo, kama kiini cha valvu kinafunguka. Kinachofunguka kina nyuso mbili bapa za kushikwa na spana ndogo. Valvu nyingi za zamani hazina.

Tairi la akiba

Tairi lililotoka kwenye ringi likiwa na gundi hai kwenye utepe ndilo akiba bora. Waendesha mashindano wa miaka ya mwanzo ya Tour de France walivuka milima wakiwa wameyazungusha matairi ya akiba mabegani. Tairi jipya lisilo na gundi halifai kazi hiyo, kwa sababu njiani halina cha kunata. Kama tairi lako halijawahi kubandikwa, lipake tabaka moja, likauke, livalishe siku mbili kwenye ringi yenye gundi, ulitoe.

Kulikunja: likamue upepo wote, funga valvu, lipinde utepe ukitazamana na utepe ili gundi isishike vumbi, kisha likunje mara tatu, valvu ikiwa ndani na imezungushiwa kitambaa isitoboe tyubu. Lifunge ndani ya soksi nene chini ya kiti. Mpira ukisuguana na reli ya kiti au ukikaa juani miezi, mbavu zinapasuka hapohapo kwenye mkunjo. Lifungue kila baada ya wiki nne au tano, utie upepo kidogo, na ulikunje upya mahali pengine.

Ukilivalisha njiani limeshikwa na gundi kavu na upepo tu. Lijaze PSI 100 au zaidi kama ubavu unaruhusu, pita kona ukiwa wima na kwa mwendo mdogo, gawanya breki kati ya mbele na nyuma, na jioni hiyohiyo ulitoe ulipake gundi upya.